Pumzi na Pumziko: Kazi za Pumzi Katika Funzi na Pwani ya Kusini ya Kwale

Maneno pumzi, kupumua na kupumzika ni ya shina moja, na kwa sababu hiyo Mswahili anayemwambia mwenzake apumzike baada ya kazi nzito humwambia, kwa asili ya neno lenyewe, akae mpaka pumzi zimrudie. Lugha imezifunga pumzi na pumziko kwa fundo ambalo wasemaji wengi hawalioni tena, na utabibu wa Ulaya na Marekani nao ulizifunga vivyo hivyo, kwa kuwa hadi miaka ya 1970 mgonjwa wa moyo aliyeishiwa na pumzi aliamriwa alale kitandani asijitaabishe, ikiaminiwa kwamba pumzi zilizopungua hutunzwa kwa kutotumiwa. Katika pwani ya kusini ya Kenya palikuwa na kazi kadhaa ambazo wenyewe walijua jambo jingine, kwamba pumzi hukua kwa kufanyishwa kazi, na historia ya kazi hizo inastahili kuwekwa kando ya historia ya ugonjwa wa moyo, kwa maana sayansi ya mwisho wa karne ya 20 ilifika, kwa njia yake na kwa tahadhari zake, karibu na mahali ambapo mzamiaji na mpiga nzumari walikuwa wamesimama tangu zamani.

Funzi ni kisiwa kidogo cha Kaunti ya Kwale, kusini mwa Msambweni na kaskazini mwa Shimoni na Wasini, mahali ambapo mto Ramisi humwaga maji yake katika ghuba iliyozungukwa na mikoko. Wenyeji wake wa asili huhesabiwa miongoni mwa Washirazi wa pwani ya kusini, na lahaja yao ya Kiswahili huitwa Chifundi, ikiwa jirani ya Kivumba kinachosemwa Wasini na Vanga, na ya Kidigo kinachosemwa bara yake. Mapokeo ya Washirazi hutaja miji midogo iliyopangana katika ufuo huo, na husimulia jinsi ilivyotiishwa katika karne ya 17 na Wavumba, ambao makao yao makuu yalikuwa Vumba Kuu, karibu na mahali ambapo leo pana mpaka wa Kenya na Tanzania. Njia ya kawaida ya kufika kisiwani ni kuvuka kwa chombo kutoka kijiji cha Bodo, na ingawa safari hiyo si ndefu, ndiyo iliyofanya mwili wa mtu wa Funzi uzoee kasia kabla haujazoea jambo jingine lolote.

Kabla ya injini za kufungwa nyuma ya mashua kuenea katika nusu ya pili ya karne ya 20, kila kitu kilichoingia na kutoka katika ghuba hiyo, kuanzia samaki na boriti za mikoko hadi mgonjwa aliyepelekwa bara, kilikwenda kwa tanga, kwa kasia, kwa kafi au kwa pondo. Pondo, yaani mti mrefu unaosimikwa chini ya maji ili kusukuma chombo, hutumika katika vijito vyembamba vya mikokoni ambamo tanga halina nafasi, na mwenye kulishika hulazimika kuvuta pumzi anapoliinua na kuitoa anapolisukuma, kwa kuwa akikosea mpangilio huo huchoka kabla ya kufika nusu ya njia. Wavutaji wa juya, yaani wavu mrefu uliokokotwa ufuoni na watu wengi kabla ya kupigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001 kwa sababu ya kuharibu mazalia ya samaki, waliongozwa na sauti ya mmoja wao, na wimbo wa kuvutia wavu, pamoja na kupoza uchovu, ulikuwa ukigawa pumzi za watu wengi kwa kipimo kimoja, wote wakitoa hewa kwa pamoja kamba ilipokazwa na wote wakivuta ilipolegezwa. Jambo hili huonekana dogo kwa sababu halikuandikwa na yeyote, lakini misuli ya kupumulia haijui kusoma, nayo hukua kwa mzigo inaobebeshwa siku baada ya siku, sawa na misuli ya mkono.

Kuzamia ni kazi yenye madai makubwa zaidi. Katika miamba na magugu ya bahari kati ya Gazi na Vanga, wavuvi wamezamia bila mtungi wa hewa kutafuta kambakoche, samaki wa miambani, na jongoo bahari, ambaye huchemshwa, hukaushwa na kuuzwa kwa wafanyabiashara wanaompeleka Mashariki ya Mbali, na vijiji vya Gazi, Majoreni, Shimoni na Vanga hujulikana hadi leo kwa biashara hiyo. Mtu anapoteremka mita 10 chini ya maji, mgandamizo unaomzunguka huwa mara mbili ya ule wa juu, na hewa iliyomo kifuani mwake hubanwa ikawa nusu ya ujazo wake wa kwanza, kwa hiyo mbavu hufinywa kwa ndani na kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, husukumwa kwenda juu. Mzamiaji hodari hajazi hewa kwa pupa kabla ya kuteremka, maana kuhema kwa haraka hupunguza hewa chafu mwilini kiasi kwamba mwili haumwonyi tena haja ya kupumua, akazimia chini bila kutahadhari. Hupumua polepole, huvuta pumzi moja ndefu inayoanzia tumboni, kisha hushuka. Akiwa chini hufika wakati kiwambo kikaanza kujikunja chenyewe kikidai hewa, na tofauti kati ya mzoefu na mgeni ni kwamba mzoefu huijua mikunjo hiyo, hali mgeni huipokea kama mauti.

Katika muziki, kazi ya pumzi ilifikia ufundi ambao ni lazima utazamwe kwa karibu. Nzumari, chombo cha kupulizwa kinachopigwa katika ngoma za pwani na miongoni mwa Wadigo katika ngoma ya sengenya, ni bomba la mti lenye matundu ya vidole, ambalo mwisho wake hupanuka kama tarumbeta, na mwanzo wake huwa na kijibomba chembamba kilichofungwa ulimi uliokatwa kutoka jani kavu la jamii ya minazi na mivumo. Kati ya ulimi na bomba hukaa kisahani cha mviringo, na mpigaji huuingiza ulimi wote kinywani mpaka midomo yake ikaegemea kisahani hicho, ili ulimi utetemeke huru bila kuguswa na meno. Mashavu hujaa hewa yakawa kama mipira miwili. Hewa hiyo ya mashavuni ndiyo siri ya kazi nzima, kwa maana mpigaji anapokaribia kumaliza pumzi ya kifuani huiziba sehemu ya nyuma ya kinywa, huyakamua mashavu ili sauti isikatike, na katika kipande kile kile cha wakati huvuta pumzi mpya kwa pua, haraka mno, kisha huifungua na kuendelea. Hivyo sauti ya nzumari huweza kwenda bila kukatika huku wachezaji wakibadilishana zamu, na msikilizaji asiyejua husema kwamba mtu huyo hapumui kabisa. Ukweli ni kwamba hupumua, ila kila anapovuta pumzi hulazimika kukikaza kiwambo chake kwa nguvu na kwa ghafla, na kila anapoitoa huitoa dhidi ya kizuizi, kwa kuwa ulimi wa nzumari ni mgumu na tundu lake ni jembamba.

Siwa, pembe kubwa ya enzi, ilidai pumzi ya namna nyingine. Katika miji ya Waswahili, Vumba Kuu ikiwamo, siwa ilikuwa miongoni mwa alama za utawala, na zile zilizo mashuhuri kuliko zote, ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu ikizidi urefu wa mita 2 na ya Lamu iliyosubiwa kwa shaba, hupulizwa kwa tundu lililo ubavuni, na aliyepewa kazi ya kuipuliza alihitaji kifua cha kuitikisa hewa yote iliyomo katika bomba hilo refu. Sauti yake ilikuwa fupi na nzito, ya kutangaza arusi za wakubwa, kutawazwa na maziko, na kwa hiyo mpiga siwa aliitumia pumzi yake kwa mkupuo mmoja.

Lakini shule iliyofunza pumzi kwa watu wengi zaidi ilikuwa chuo cha Kurani, maana watoto wa kike na wa kiume wote walipita humo. Elimu ya tajwidi, yaani kanuni za kusoma kwa usahihi, ina mlango mzima unaohusu wakfu, mahali panaporuhusiwa kukata pumzi, na mlango mwingine unaohusu madi, urefu wa kuvuta irabu, ambao huhesabiwa kwa harakati 2, 4 au 5, hadi 6. Mtoto anayekata pumzi mahali pasipofaa hurudishwa nyuma aanze tena, na kwa kurudishwa huko hujifunza kuipima pumzi yake kabla ya kuanza aya, akijua itamfikisha wapi. Si halali kwa mwandishi wa historia kuigeuza ibada kuwa mazoezi ya viungo, na haidhuru kulisema hilo wazi. Hata hivyo jamii iliyowafunza watoto wake wote kuipanga pumzi kwa hesabu haikuwa jamii isiyojua kwamba pumzi hufundishika.

Wakati huo huo pwani ilijua pia pumzi zinazokatika. Kiswahili kina maneno mengi ya hali hiyo, kila moja na kipimo chake: kuhema ni kwa aliyekimbia, kutweta ni kwa aliyezidiwa, na anayesemwa kuwa roho yake i juu ni yule ambaye walio kando yake wameanza kusoma Yasini. Mgonjwa aliyevimba miguu, anayelala kwa kuegemea mito mingi kwa sababu akilala chali hukabwa, na anayeamka usiku wa manane akaenda kukaa dirishani apate hewa, mara nyingi aliambiwa ana pumu, na kosa hilo halikuwa la watu wa pwani peke yao, kwani madaktari wa Ulaya wa karne ya 19 nao waliita hali hiyo pumu ya moyo. Jina linalotumika leo hospitalini ni kushindwa kwa moyo, na maana yake ni kwamba moyo, kwa kudhoofika misuli yake, kwa kuharibika vali zake au kwa kukakamaa, hausukumi tena damu ya kutosha kwa mahitaji ya mwili, hivyo damu hurundikana nyuma yake, maji huvuja kuingia mapafuni na miguuni, na mapafu yaliyolowa huwa mazito kuvutwa kama sponji iliyonyonya maji.

Dawa ya kwanza ya uhakika kwa hali hiyo ilitangazwa mwaka 1785, tabibu Mwingereza William Withering alipochapisha kitabu chake kuhusu mmea wa dijitali, na katika miaka ya 1870 Reginald Southey wa London alitumia vijibomba vyembamba vilivyochomwa katika ngozi ya miguu iliyovimba ili maji yachuruzike nje. Tiba hizo mbili, pamoja na kupunguza chumvi, ziliambatana na amri iliyoonekana kuwa ya akili ya kawaida tu, kwamba moyo uliochoka usiongezewe kazi. Mgonjwa alilazwa wiki kwa wiki, na hata dawa kali za kukojoza maji zilipopatikana katika miaka ya 1960, kitanda hakikuondoka. Amri hiyo ilisikika vizuri kwa Kiswahili kuliko kwa lugha nyingine, kwa sababu mgonjwa aliyekosa pumzi aliambiwa apumzike, na neno lenyewe lilimwahidi kwamba kwa kufanya hivyo atazipata pumzi zake. Hazikurudi. Misuli ya miguu iliyolala hupungua, misuli ya kupumulia isiyotumika nayo hupungua, na mtu aliyelala miezi miwili huamka akiwa na moyo ule ule na mwili dhaifu kuliko ule alioulaza.

Mageuzi yalianzia mahali pasipokuwa na wagonjwa. Mwaka 1969 Leo Black na Robert Hyatt walieleza njia rahisi ya kupima nguvu ya misuli ya kupumulia kwa kumfanya mtu avute hewa kwa nguvu zake zote dhidi ya bomba lililozibwa, na mvuto huo ukahesabiwa kwa sentimita za maji, yaani urefu wa mstari wa maji ambao mtu angeweza kuuinua kwa pumzi yake. Mwaka 1976 David Leith na Mark Bradley, watafiti wa Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima wenye afya waliofanya mazoezi ya pumzi kwa wiki 5: kundi lililofanya mazoezi ya nguvu liliongeza nguvu kwa kiasi cha asilimia 55, na kundi lililofanya mazoezi ya kustahimili liliongeza ustahimilivu. Hoja yao, ambayo mpiga nzumari yeyote wa Kwale angeikubali kabla ya kupimwa, ilikuwa kwamba kiwambo ni msuli kama mwingine, na kwamba msuli hupata kile hasa ulichozoezwa kukifanya.

Katika miaka iliyofuata imani ya kitanda ilianza kuvunjwa upande wa moyo. Mwaka 1990 Andrew Coats na wenzake wa Oxford waliwapa wagonjwa 11 wenye kushindwa kwa moyo baiskeli zisizosogea wazipige nyumbani kwao kwa wiki 8, na badala ya kuzidiwa wakapata nafuu ya kustahimili kazi. Utafiti huo ulikuwa mdogo, lakini ulifungua mlango ambao mwaka 2009 ulipitiwa na utafiti mkubwa wa wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa, uliothibitisha kwamba mazoezi yanayosimamiwa ni salama kwao. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo mazoezi ya misuli ya kupumulia yalipopata nafasi yake. Mwaka 1995 Donna Mancini na wenzake walieleza habari za wagonjwa 14 waliopangiwa vipindi 3 kwa wiki kwa miezi 3, ambapo 8 walimaliza, na hao waliomaliza waliongeza nguvu ya kuvuta pumzi pamoja na umbali waliotembea katika dakika 6. Mwaka 2006 kikundi cha Porto Alegre nchini Brazil, kilichomshirikisha Pedro Dall'Ago na Jorge Ribeiro, kiliwachukua wagonjwa 32 ambao misuli yao ya kuvutia pumzi ilikuwa imepimwa ikaonekana dhaifu, nusu wakapewa mazoezi yenye mzigo na nusu yasiyo na mzigo, dakika 30 kila siku kwa wiki 12; waliobebeshwa mzigo waliongeza nguvu ya kuvuta pumzi zaidi ya maradufu, na umbali wao wa dakika 6 uliongezeka kwa asilimia 19.

Kwa nini pumzi imsaidie mtu kutembea ni swali ambalo jibu lake ni zuri kuliko lilivyotarajiwa. Misuli ya kupumulia inapochoka hutuma ishara kwa mishipa ya fahamu, na mwili, ukiona kwamba pumzi iko hatarini, huibana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili damu kidogo iliyopo iende kwanza kifuani. Mwenye moyo dhaifu basi hashindwi kutembea kwa sababu miguu yake haina nguvu tu, bali kwa sababu miguu imenyang'anywa damu na kifua, mfano wa kijiji chenye kisima kimoja ambacho wenye shida kubwa huteka kwanza na wengine hurudi na ndoo tupu. Utafiti mwingine wa Brazil, uliochapishwa mwaka 2008 na Gaspar Chiappa na wenzake, ulionyesha kwamba baada ya wiki 4 za mazoezi ya kuvuta pumzi mnyang'anyo huo hupungua na damu hufika zaidi katika viungo. Moyo wenyewe haukubadilishwa kwa zoezi hilo. Kilichobadilika ni mgawo wa damu unaoutoa.

Chombo kinachotumika ni kidogo kuliko nzumari. Ni kijibomba cha plastiki kinachotosha kiganjani, chenye mdomo wa kuumwa kwa meno upande mmoja, na ndani yake kilango kilichoshikwa na springi ambayo hukazwa kwa kuzungusha. Mgonjwa huketi wima, hubana pua yake kwa kibanio, huufunika mdomo wa chombo kwa midomo yake, kisha huvuta pumzi. Kilango hakifunguki mpaka mvuto wake ufike kipimo kilichowekwa, na hapo hewa huingia kwa mvumo mfupi. Kutoa pumzi hakuna kizuizi. Kipimo cha kawaida katika tafiti za wagonjwa wa moyo ni asilimia 30 ya nguvu yote ya mgonjwa, kwa hiyo mtu ambaye mvuto wake wa juu ni sentimita 60 za maji huanza na sentimita 18, na kila wiki hupimwa upya, kwa kuwa misuli ikikua asilimia 30 ya jana huwa si asilimia 30 ya leo.

Hapa pana tofauti ambayo ni lazima itajwe kwa mkazo, kwa sababu maisha ya watu yamo ndani yake. Mzigo wa mpiga nzumari na wa mpiga siwa uko hasa katika kutoa pumzi, na anayepuliza kwa nguvu dhidi ya kizuizi hupandisha mgandamizo ndani ya kifua, hupunguza damu inayorudi moyoni, na akiachia huirudisha kwa kishindo, jambo ambalo moyo mzima hulivumilia na moyo dhaifu huenda usilivumilie. Mzigo wa zoezi la hospitalini uko katika kuvuta, ni mwepesi, na huongezwa polepole. Vivyo hivyo mzamiaji anayebana pumzi mpaka mwisho wake hafanyi kitu ambacho mgonjwa wa moyo angeweza kukiiga. Ujuzi wa pwani ulijua kanuni, kwamba pumzi hukuzwa kwa mzigo, lakini haukuwa na kipimo kinachomfaa mgonjwa, na kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na sumu. Kwamba vyombo vya kupulizwa vina nguvu ya kubadilisha misuli si dhana tupu: mwaka 2006 watafiti wa Uswisi walionyesha kwa watu 25 kwamba kupiga bomba refu la Waaborijini wa Australia, ambalo nalo hupulizwa bila kukata sauti, hupunguza maradhi ya koo kujiziba usingizini. Huo ulikuwa ugonjwa mwingine na misuli mingine, ya koo na si ya kiwambo, ila utafiti huo uliuchukulia ufundi wa wapiga ala kwa uzito wa kitabibu.

Katika Afrika Mashariki kushindwa kwa moyo kuna sura yake. Ilikuwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, ambako J. N. P. Davies mwaka 1948 alieleza ugonjwa unaojaza makovu katika ukuta wa ndani wa moyo, ambao tangu hapo umejulikana kuwa wa nchi za joto. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, uliokusanya wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha kwamba karibu nusu yao walifikishwa hapo na shinikizo la damu, kwamba baridi yabisi ya moyo inayoanza na maambukizi ya koo utotoni ilikuwa bado sababu kubwa, na kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Uchunguzi wa Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2014 na Abel Makubi na wenzake, ulipata wastani wa miaka 55. Katika Ulaya wagonjwa kama hao wengi wamekwisha kupita miaka 70 na wanaishi kwa pensheni. Mtu wa miaka 52 katika Funzi bado ndiye mwenye mashua, bado ana watoto shuleni, na akikosa pumzi ya kupiga kasia, nyumba nzima hukosa.

Safari yake ya tiba huanza kwa kuvuka hadi Bodo, huendelea kwa pikipiki au gari mpaka barabara kuu ya Likoni na Lunga Lunga, hufika katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Msambweni, na ikihitajika daktari bingwa huendelea hadi kivuko cha Likoni na hospitali kuu ya Mombasa. Mgonjwa anayetweta kwa hatua ishirini hawezi kuifanya safari hiyo mara tatu kwa wiki, na hii ndiyo sababu zoezi linaloweza kufanywa nyumbani, kwa chombo kisichohitaji umeme, linastahili kufikiriwa kwa dhati katika mahali kama hapa, pamoja na dawa na si badala yake. Linachodai ni mtu wa kupima na kupima tena. Kenya ina taaluma yenye ujuzi huo, fiziotherapia, ambayo ilipata sheria yake na baraza lake mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya huduma za hospitali kuwa mikononi mwa kaunti.

Kipimo cha mwisho hakihitaji hata chombo. Jaribio la kutembea dakika 6 hufanywa hospitalini katika ujia ulionyooka wa mita 30, mgonjwa akienda na kurudi kwa mwendo anaouweza, akiruhusiwa kusimama na kupumzika bila saa kusimamishwa, na mwishoni huhesabiwa mita alizopita. Katika utafiti wa mwaka 1995 uliotajwa hapo juu, waliomaliza mazoezi walitoka takriban mita 335 wakafika takriban mita 433, na hizo mita zilizoongezeka, zikikaribia 100, ni umbali ambao mtu wa kisiwani hupita akitoka mahali mashua inapokwama maji yakiwa yametoka mpaka kwenye mchanga mkavu, akiwa amebeba samaki wake.